Mnaoanza nakshi za mbao hapa Lamu, penseli kwanza patasi baadae

Wadogo zangu mnaoingia karakana mwaka huu, wengi mnaniuliza mnunue patasi gani na jibu langu ni lile lile, nunua daftari isiyo na mistari, penseli na bikari, alafu tuzungumze. Patasi fundi wako atakuazima. Macho hakuna wa kukuazima.

Nawaona mnavyopiga picha milango kwa simu. Sikatai, picha inakusaidia kukumbuka, ila mkono haujifunzi kitu. Kaa barazani mbele ya mlango uliokupendeza (bisha hodi kwanza uombe ruhusa, wenye nyumba hawatakunyima na huenda ukaletewa na kahawa) kisha chora, na uanze na pembe. Pale nakshi inayopanda na mwimo (ule mti wa ubavuni mwa mlango) inapokutana na ya kizingiti cha juu ndipo fundi wa zamani alipotoa akili yake yote, mmoja kaukunja ule mzabibu ukapita vizuri kabisa, mwingine kaweka duara hapo akaanza upya, na kwenye picha utaparuka manake macho yanakimbilia ua kubwa la katikati. Ukichora huwezi kuruka, penseli inakwama pale pale na itabidi ujue yule mzee alitokaje.

Bikari nayo. Chora duara, usibadilishe upana wa bikari, weka ncha popote kwenye mzingo ukate alama, hamia kwenye alama hiyo ukate nyingine, ukizunguka utapata nukta 6 kamili, na kila nukta ukiipigia tao linalopita katikati linatoka ua la petali 6. Gawa tena zinakuwa 12. Rudia mpaka ua lenyewe likuchoshe kabisa, kwa sababu ukishachoka nalo ndo mkono unaanza kutafuta njia zake wenyewe, unaongeza jani hapa, unavunja mstari pale, na hapo ndo nnapotaka mfike.

Wakati chagueni wenyewe. Mi ni baada ya alfajiri, kabla ya punda kuanza kubeba mawe na mchanga na kabla simu haijawashwa. Hata nusu saa yatosha bora iwe ile ile kila siku, hamu usiisubiri, wewe kaa tu uchore.

Na jamani msiishie milango. Mji wetu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, watu wanatoka mbali kuja kuangalia vitu tunavyovipita tukienda sokoni. Ingieni nyumba ya makumbusho ya Waswahili mtazame zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ile chokaa imechongwa kina kidogo sana lakini mwanga ukija kwa ubavuni kila mstari unasimama. Tazameni kofia za mkono zinavyopangwa, na mikeka. Rangi na mistari ya mkeka inaweza kukupa ukingo wa kiti ambao mlango wowote hautakupa.

Kunoa: noa jioni unapoweka vifaa, sio asubuhi. Asubuhi ukianza na kinoo lile wazo ulilolala nalo linapotea. Na mvule una nyuzi zinazogeuka geuka, patasi butu itaurarua utadhani mchoro wako ni mbaya kumbe ni chuma. Vipande vinavyobaki karakana mwombe fundi, jaribu wazo lako huko kabla ya mbao ya mteja, andika tarehe nyuma na uviweke vyote, hata vilivyoharibika.

Oda za mahoteli zitataka ua lile lile kila mara, ndo riziki yetu hiyo, fanyeni kwa ukamilifu. Ila kila oda mwombe fundi akuachie sehemu moja ndogo uweke mchoro wako, ndani ya mfuniko wa sanduku au mgongoni mwa kiti, na mteja akiuulizia mwambie bei ya kazi nzima ya mchoro huo.