Mgonjwa Anayevuja Damu Usimwache Akapoa

Kwa miaka niliyofanya kazi ya uuguzi kisiwani Pemba, nimeona kwamba mgonjwa anayetokwa na damu nyingi anakabiliwa na hatari mbili: damu inayomtoka, na ile iliyobaki mwilini kushindwa kuganda. Ya kwanza kila mtu huiona. Ya pili hujificha, na ndiyo inayonifanya niwaandikie wauguzi wenzangu, hasa wadogo zangu mnaoanza zamu za usiku.

Usiku mmoja tulipokea mzazi aliyeletwa kutoka kijijini, yapata muda wa saa 2 baada ya kujifungua. Tulimsugua tumbo la uzazi, tukampa oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi, tukamwekea dripu mikono yote miwili, tukatuma watu maabara. Dripu ya tatu ilipokwisha nilimshika mguu, nikaukuta wa baridi. Juu ya kitanda feni ilikuwa ikizunguka kwa kasi, na chini ya mgongo wake zilikuwamo kanga mbili zilizolowa chepechepe. Ulikuwa msimu wa kaskazi, sote tunatoka jasho, na hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza kupoa katika joto lile. Damu iliyokuwa ikimtoka ilikuwa nyepesi, haina hata bonge moja.

Mkunga wetu mkuu aliniambia, "Mwanangu, vuta damu kidogo uitie kwenye tyubu ya kioo, uifumbate." Nilivuta mililita 2 kutoka kwenye mshipa, nikaitia katika tyubu safi na kavu isiyo na dawa, nikaifumbata ipate joto la mkono. Baada ya dakika 4 niliiinamisha polepole, kisha kila baada ya dakika moja. Dakika ya 7 ilipita na damu bado inatiririka kama maji ya rangi. Hapo tukajua kwamba haigandi. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala mashine, nami sijui kwa nini tunakisahau.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, uwezo wa damu kuganda hudhoofika, na maji ya chumvi tunayommiminia mgonjwa kwa nia njema huizimua zaidi, kwa kuwa hayana chochote cha kuigandisha. Kwa hiyo zimeni feni, ondoeni nguo zilizolowa, mfunikeni mgonjwa kwa blanketi kavu, na ombeni damu tangu mwanzo badala ya kungoja dripu zishindwe. Chupa ya damu msiichovye katika maji ya moto, kwani chembe zake huharibika. Akishapewa chupa kadhaa, mkumbusheni daktari juu ya kalisiamu, kwa sababu sitreti, dawa inayotiwa katika damu ya benki ili isigande, huishika kalisiamu ya mwilini, na bila hiyo damu haigandi.

Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 kwa mshipa kwa muda wa dakika 10, inafaa ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Utafiti uliotolewa mwaka 2017, uliohusisha wanawake zaidi ya 20,000, ulionyesha kwamba ikichelewa kupita hapo haisaidii. Mzazi wetu aliipata zikiwa zimebaki dakika chache tu, kisha akaongezewa damu iliyotolewa na kaka zake wawili, baada ya kupimwa. Tangu usiku ule, mgonjwa wa namna hiyo akipita mlangoni, mimi huuliza kwanza amejifungua saa ngapi, na jibu huliandika kwa herufi kubwa juu ya jalada la faili lake.