Usizime seva ya zamani kabla hujazifungua picha kwa mkono wako

Diski hizo zisitoke hospitalini Ijumaa. Nimeisoma habari yako mara mbili na nimeona siwezi kulala bila kukujibu. Umeeleza kwamba wewe ni mtaalamu wa radiografia katika hospitali ya binafsi huko Nyali, kwamba mwezi uliopita ulikabidhiwa usimamizi wa mfumo wa picha za kidijitali, kwamba kampuni iliyowauzia seva mpya imekuonyesha ripoti inayosema picha zote zimehamishwa kwa asilimia 100, na kwamba Ijumaa hii inataka kuichukua seva ya zamani pamoja na diski zake ili iwapunguzie bei. Uliuliza pia kuhusu kozi, skrini, mshahara na zamu za usiku, lakini hayo yatangoja. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, dada yangu, na nyoka aliyenitafuna mimi ilikuwa ni ripoti kama hiyohiyo, niliyoitia sahihi kwa kalamu yangu.

Nilikuwa nimefanya kazi ya eksirei kwa miaka tisa nilipokabidhiwa seva, na nadhani nilikabidhiwa kwa namna ileile uliyokabidhiwa wewe. Hapakuwa na mwingine aliyejua DICOM, yaani kiwango kinachotumiwa na mashine za hospitali kuhifadhi na kutumiana picha, ni kitu gani, nami nilikuwa nimewahi kuiunganisha mashine ya ultrasaundi na seva kwa kuandika jina lake, anwani yake ya mtandao na poti ya 104, basi nikahesabiwa kuwa mjuzi. Seva yenyewe ilikuwa katika chumba kilichopakana na ngazi, hapa kisiwani Mombasa, kiyoyozi chake kikizidiwa kila Kaskazi inapoingia na hewa ya chumvi ikila vichwa vya kebo. Diski zilikuwa zimefungwa pamoja kwa mpango wa RAID 5, ambao huvumilia kufa kwa diski moja tu. Moja ilipokufa na ya pili ikaanza kutoa onyo, uongozi ulikubali kununua seva mpya, na ulikuwa na haki kabisa kufanya hivyo. Kosa halikuwa katika kununua.

Kosa lilikuwa katika hesabu, na ndilo ninalotaka ulielewe vizuri kuliko jambo lingine lolote katika jibu hili. Programu ya kuhamisha ilikuwa ikihesabu chunguzi, haikuhesabu picha. Eksirei ya kifua ni uchunguzi mmoja wenye picha moja au mbili. Skani ya CT ya kifua, ile inayoupiga mwili picha kipande kwa kipande, nayo ni uchunguzi mmoja, ingawa ndani yake kunaweza kuwa na vipande 800, na kila kipande kina nukta 512 kwa 512, kila nukta ikichukua baiti 2, yaani nusu megabaiti kwa kipande, na jumla ya megabaiti 400 kwa mgonjwa mmoja. Katika ripoti, vyote viwili vina uzito wa 1. Sasa seva nyingi hufungua jalada la uchunguzi mara tu zinapopokea picha ya kwanza, hata kama zile 799 zilizobaki hazitafika kamwe. Jina la mgonjwa linaonekana, tarehe inaonekana, neno CT linaonekana, na anayetazama orodha hana njia ya kujua kwamba ndani ya jalada ni utupu.

Hivyo ndivyo ilivyotukuta. Uhamishaji ulikuwa ukifanyika usiku ili usizibe mtandao mchana. Seva zote mbili zilikuwa na betri za kuzishikilia umeme unapokatika, lakini swichi ya ukumbini, yaani kifaa cha mtandao kilichoziunganisha, haikuwa na betri. Kila umeme ulipokatika, sekunde chache kabla jenereta haijashika, swichi ilizima na uhamishaji ukakatika katikati ya uchunguzi fulani. Programu ilipoanza tena iliuliza seva mpya kama inao uchunguzi huo, ikajibiwa kwamba inao, ikauruka na kwenda kwa unaofuata. Eksirei zilinusurika kwa sababu ni nyepesi na hupita upesi. Zilizokatwa ni CT, tena zile nzito zaidi, yaani za wagonjwa waliohitaji kutazamwa kwa makini kuliko wote.

Sikujua lolote kati ya hayo. Nilifungua eksirei kumi hivi za juzi na jana, zote zikafunguka, nikatia sahihi. Diski za zamani zikafutwa na kuchukuliwa.

Wiki tatu baadaye alikuja mzee mmoja kutoka Likoni, akiwa na mwanawe, kwa ajili ya skani ya kifua. Daktari wa radiolojia aliona kivimbe kidogo katika pafu la kulia, akaniomba nimfungulie skani yake ya zamani ili alinganishe, kwa kuwa mzee huyo tulishampiga CT miaka mitatu nyuma. Swali lake lilikuwa moja tu: je, kivimbe kimekua? Kivimbe kigumu kilichokaa miaka miwili bila kubadilika kwa kawaida huhesabiwa kuwa si saratani, na mgonjwa huenda nyumbani. Nikatafuta jina lake kwenye orodha nikalipata. Nilipobonyeza, zikafunguka picha mbili za mwongozo, zile zinazopigwa mwanzoni ili kupanga skani, na baada yake hakuna kitu. Ripoti ya karatasi ya wakati ule ilitaja kivimbe, lakini haikuandika kipimo chake.

Mzee aliniuliza, "Mwanangu, picha yangu mmeipeleka wapi?" Nilimwambia ukweli kwamba imepotea. Akasema alipokuja mara ya kwanza aliomba apewe filamu akae nayo nyumbani, na aliambiwa hapo dirishani kwamba siku hizi filamu hazichapishwi kwa kuwa kompyuta haipotezi kitu.

Bila picha ya kulinganisha, na kwa kuwa aliwahi kuvuta sigara kwa miaka mingi, daktari aliona si salama kungoja. Mzee alichomwa sindano kifuani ili kutolewa kipande cha nyama. Hewa ikavuja, pafu likasinyaa, akawekewa mrija ubavuni na kulazwa kwa siku kadhaa, na watoto wake wakafanya mchango kulipia kitanda. Majibu yalipotoka, kilikuwa ni kovu la kifua kikuu cha zamani. Namshukuru Mungu kwa majibu hayo, lakini sijaacha kufikiri kwamba ushahidi wa kumwepusha na sindano ile ulikuwa katika diski ambazo niliruhusu zifutwe.

Namlaumu wakala wa mauzo, na sitaona haya kusema hivyo. Nilimuuliza uso kwa uso kama kila picha imehama, akanijibu kwamba DICOM ni DICOM, kwamba kazi hii wanaifanya kila mwezi, na kwamba nikichelewesha sahihi punguzo la bei litakufa. Alijua hesabu yake ilikuwa ya chunguzi, kwa sababu nilipompigia simu baadaye alinieleza hivyo bila kusita, kana kwamba ni jambo ambalo kila mtu analijua. Nawalaumu wa idara ya ununuzi walionipigia simu mara nne kwa siku moja. Namlaumu pia mkubwa wangu wa wakati huo, aliyeniambia kwamba kuhesabu faili ni kazi ya watu wa kompyuta na kwamba mtu wa radiografia akapige picha. Watu wa kompyuta waliona faili na hawakuweza kujua kwamba CT ya kifua yenye picha mbili ni kitu kisichowezekana. Mimi ningejua kwa kutupa jicho mara moja. Ndiyo maana kazi hiyo ni yako, na asikutoe mtu hapo.

Tena zipo hasara nyingine mbili ambazo tuliziona polepole. Ya kwanza ni alama za madaktari, yaani mishale na vipimo. Kiwango cha DICOM kilizaliwa kutokana na kazi ya wanaradiolojia na watengenezaji wa vifaa wa Marekani, toleo la kwanza likitoka 1985 na jina la DICOM lenyewe likija 1993, nacho kinamruhusu kila mtengenezaji kuweka mambo yake ya faragha ndani ya faili ya picha, katika vikundi vya taarifa vyenye nambari witiri. Mfumo wetu wa zamani ulikuwa umeficha alama humo, na mfumo mpya haukuweza kuzisoma. Kwa hiyo anayekwambia DICOM ni DICOM anakueleza nusu ya habari.

Ya pili ni kuunganishwa kwa wagonjwa. Programu ya uhamishaji ilikuwa inasafisha marudio kwa kulinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa. Huenda utaratibu huo unafaa mahali pengine, lakini hapa Pwani utakuwa na akina Fatuma Ali wengi katika seva moja, na wazee wetu wengi, kwa kuwa hawakuandikiwa tarehe kamili, vitambulisho vyao husema wamezaliwa 1 Januari. Tulikuta mifupa ya nyonga ya bibi mmoja katika jalada la bibi mwingine. Uzime utaratibu huo kabisa, na wagonjwa waunganishwe na mtu anayeangalia nambari ya mgonjwa, jinsia na picha zenyewe.

Basi fanya hivi kabla ya Ijumaa. Itake kampuni ikupe kutoka hifadhidata ya seva ya zamani orodha ya kila uchunguzi pamoja na idadi ya picha zake, na ikupe orodha kama hiyo kutoka seva mpya, zote zikiwa na nambari ya kipekee ya uchunguzi ili ziweze kuwekwa sambamba. Taarifa hiyo pia inaweza kuulizwa kupitia DICOM yenyewe, kwa kitambulisho 0020,1208, ingawa si kila seva huijibu. Ukiona zimetofautiana kwa picha moja tu, uchunguzi huo uhamishwe upya wote. Usiridhike na jumla kuu, kwa maana uchunguzi uliorudiwa mara mbili huweza kuficha uliopungua. Igawe hesabu kwa mwaka na kwa mashine. Sisi tungeifanya kwa mashine, upungufu wa CT ungeonekana siku ileile.

Kisha fungua picha kwa mkono wako. Anza na za zamani kabisa, kwa sababu huenda zilibanwa kwa namna ya mtengenezaji wa kale ambayo programu mpya haiijui, halafu CT nzito, halafu mamografia, yaani picha za matiti, kama mnayo, halafu zilizopigwa usiku wa dharura. Usitazame ikoni ndogo ya pembeni, bali pitia vipande kutoka juu ya mapafu mpaka chini, na upime kitu ambacho kipimo chake kiliandikwa katika ripoti ya zamani uone kama kinalingana. Daktari wa radiolojia afanye hivyohivyo kwa wagonjwa anaowachagua yeye, na sahihi yake ikae kando ya yako. Kama unaweza kupata kompyuta ya akiba, weka humo Orthanc, programu huria ya kupokea na kuhifadhi picha za DICOM iliyoanzia katika hospitali ya chuo kikuu cha Liège huko Ubelgiji, uitumie baadhi ya picha kutoka seva mpya uone kama zitafunguka nje ya programu ya muuzaji. Wenzangu huniita karani wa picha kwa sababu ya hesabu hizi, na jina hilo nalipokea kwa mikono miwili.

Seva ya zamani ibaki imewashwa kwa kusomwa tu, isipokee picha mpya, kwa miezi kadhaa, mpaka wagonjwa wa kurudia kliniki wamepita na picha zao za awali zimeitwa. Na hata muda huo ukiisha, diski zisipewe kampuni. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na hospitali ndiyo itakayojibu ikiwa diski yenye vifua vya watu itaonekana dukani. Mwambie mkurugenzi wako kwamba faini iliyomo katika sheria hiyo inaweza kufika shilingi milioni 5, kisha aiweke kando ya punguzo mnaloahidiwa.

Kuhusu skrini, daktari anayesoma picha anahitaji zilizopimwa na kurekebishwa kwa sehemu ya 14 ya DICOM inayohusu ngazi za kijivu, nawe usikubali runinga za kawaida. Zamu za usiku usiziache zote, kwa sababu ni usiku ndipo utakapoona jinsi majina yanavyoandikwa kwa haraka mgonjwa wa ajali anapoletwa. Ya mshahara na kozi waulize walio katika nafasi hizo sasa.

Kesho asubuhi kaangalie kama swichi iliyo kati ya seva zenu ina betri. Kisha uniandikie hapa idadi ya picha za CT katika seva ya zamani na idadi yake katika seva mpya, mwaka kwa mwaka, tuzitazame pamoja kabla hujashika kalamu.