Kartik Purnima: saumu, taa na sadaka

Ndugu yangu, umeuliza kama saumu ya Kartik Purnima ya Wahindu ni sawa na ya Ramadhani. Hazifanani. Hii ni ya siku moja tu, ya mwezi mpevu, siku 15 hivi baada ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Mwaka 2025 iliangukia Novemba 5. Wapo wasiokula kitu kabisa, lakini wengi huacha nafaka wakala matunda na maziwa, kisha hufungua jioni mwezi ukishachomoza. Mgonjwa halazimishwi.

Ila uzito wa siku, kwangu mimi, uko mtoni. Kule Varanasi, mji mtakatifu wa Wahindu kaskazini mwa India, watu hushuka ngazi za mto Ganga kungali giza, wakajitosa kwenye maji ya baridi, wakayateka kwa viganja na kuyamimina kulielekea jua linapochomoza. Usiku ngazi hizohizo hujaa taa: kibakuli cha udongo kinachoenea kiganjani, samli au mafuta kidogo, utambi wa pamba. Ndiyo Dev Deepavali, Diwali ya miungu, kukumbuka mungu Shiva alivyomshinda pepo Tripurasura. Inapendeza mno!

Sadaka huwa nafaka, samli, nguo, na blanketi pia, maana kaskazini mwa India baridi ndiyo inaanza. Asiyefika mtoni huoga nyumbani, pengine akatia matone ya maji ya Ganga kwenye ndoo, halafu akamlisha mwenye njaa.

Ukimtembelea rafiki yako siku hiyo, mpelekee matunda, wali uache.