4294967297: iangalieni namba kwanza kabla ya kuanza kugawanya

Wadogo zangu mnaoanza chuo mwaka huu na mmechagua hesabu, kuna namba moja nataka muijue mapema, 4294967297. Mimi nilikutana nayo mwaka wa kwanza, swali fupi tu, je ni namba tasa? Kalkuleta yangu ilikuwa ile ndogo ya dukani ya tarakimu 8, na hii ina tarakimu 10, haiingii. Basi nikashika daftari nikaanza, 3 hapana, 7 hapana, 11, 13, 17, kurasa kwa kurasa mpaka usiku, nilipofika mia tatu na kitu nikaona imetosha, nikaandika ni tasa. Nikakosa, na iliniuma sana maana kazi nilikuwa nimeifanya kweli.

Sasa angalieni, hiyo namba ni 2^32 + 1. Fermat, Mfaransa, karne ya 17 aliamini namba zote za umbo la 2^(2^n) + 1 ni tasa, na ukianza na n = 0 unapata 3, 5, 17, 257, 65537, zote tasa kweli kabisa. Inayofuata ndo hii yetu, na mwaka 1732 Euler, mwanahisabati Mswisi, akaonyesha ni 641 × 6700417. Yani mifano mitano imekubali, wa sita umegoma, kwa hiyo mkiona kitu kimekubali mara tano msiandike "imethibitika", tafadhali.

Lakini kinachonifurahisha zaidi ni hii 641 yenyewe. Euler huyo huyo alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kiwe 64k + 1, k ikiwa namba nzima. Andikeni muone: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Toeni zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577, 641. Majaribio matano tu!! Mimi nilikuwa nimegawanya zaidi ya sitini na nyingi hazikuwa hata na uwezekano.

Na unaweza kuhakikisha bila kugawanya kabisa. 640 imepungua moja tu kufika 641, yani ni kama baki la −1, na −1 mara nne ikizidishwa yenyewe ni 1, kwa hiyo 640^4 ukiigawanya kwa 641 baki ni 1. Alafu 640 ni 5 × 2^7, so 640^4 ni 625 × 2^28, na 625 ni 641 toa 16, kwa hiyo kwenye hesabu ya mabaki pale penye 625 weka −16, ambayo ni −2^4. Inakuwa −2^32 ina baki 1, yani 2^32 + 1 haibakizi kitu. Ifanyeni wenyewe kwa kalamu, msiisome tu.

Mkimaliza chukueni 6700417. Nayo ni tasa, kipeuo chake cha pili ni 2588 na kidogo, hakuna haja ya kujaribu kupita hapo, na vigawo vyake vinafuata sheria ile ile ya 64k + 1, kwa hiyo k haivuki 40. Jioni moja inatosha, na daftari halijai.