Kabla ya kukubali nafasi ya uzamili wa uchumi

Ndugu yangu wa Iringa, umeuliza kama kuna haja ya kusafiri hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kukubali nafasi ya uzamili wa uchumi, ilhali Chuo Kikuu Mzumbe wana ndaki, yaani tawi la chuo, hapa Mbeya. Nenda, tena siku za masomo. Omba kuketi nyuma katika kipindi cha ekonometria, yaani somo la kupima nadharia za uchumi kwa takwimu, kisha waulize wanafunzi wa mwaka wa pili, mhadhiri akiwa hayupo, rasimu ya tasnifu hukaa kwa msimamizi muda gani kabla ya kurudi na masahihisho. Hapo ndipo wengi hukwama, nami ningelipa jambo hilo uzito zaidi kuliko jina la chuo. Mzumbe nao waulize kama kozi yako inafundishwa Mbeya au Morogoro.