Simu ya kwenye sidiria haina hatia

*Sista Mwende, nina miaka 34, nauza nguo za watoto Gikomba na nina watoto wawili. Mama yangu mdogo aliaga dunia mwaka jana kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 41. Matangani binamu yangu alisema ni kwa sababu ya kuweka simu na pesa kwenye sidiria, kama tufanyavyo sote sokoni. Tangu siku hiyo nimeogopa. Nimenunua unga wa majani ya mstafeli kwa shilingi 1,500. Je, utanikinga? — Mama Njeri, Kayole*

Pole sana kwa msiba, Mama Njeri.

Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba simu huleta saratani ya matiti, wala sidiria ya kubana, wala marashi ya kwapani. Kwa hiyo mama yako mdogo asibebeshwe lawama kaburini. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wanawake wanaougua hawana sababu yoyote inayojulikana zaidi ya kuwa wanawake na umri kusonga.

Kilichonishtua katika barua yako ni hiyo 41. Aliugua mapema. Keti na mama yako umuulize: nani mwingine katika ukoo aliugua saratani ya matiti au ya ovari, na akiwa na miaka mingapi? Ulizia na upande wa baba. Watu huusahau, ilhali jeni zenye kasoro, kama BRCA1 na BRCA2, baba naye huzirithisha. Wagonjwa wengi, takriban 90 kwa kila 100, hawakurithi ugonjwa huu, lakini yafaa ujue ulipo wewe. Mpelekee daktari majibu hayo, akuambie uanze vipimo lini. Kwa umri wako mara nyingi huanza na altrasaundi, kwa maana matiti ya wanawake vijana yana nyama nzito ndani, na mamogramu, yaani eksirei ya matiti, huweza kukosa kuona uvimbe.

Hatari hupungua, ingawa haiishi. Pombe, hata kidogo, huiongeza. Unene baada ya kukoma hedhi pia. Kutembea kwa miguu kunasaidia, na kunyonyesha kunasaidia: kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa kama asilimia 4, na ukijumlisha miezi ya watoto wote wawili, ndiyo hesabu yako.

Unga wa mstafeli haujathibitishwa kuzuia wala kuponya saratani kwa binadamu. Nimewaosha vidonda akina mama waliotumia miti shamba mwaka mzima kabla ya kuja wodini, na bado naona nyuso zao. Usiongeze pesa nyingine huko.

Mwaka 2014 nilikuwa naoga, mkono wenye sabuni ukapita kwenye titi la kushoto, karibu na kwapa. Kulikuwa na kitu kama njugu, kigumu, hakisogei nikikisukuma. Hakikuuma hata kidogo, na kwa sababu hakikuuma nikakiacha miezi minne, mimi muuguzi! Kliniki ya kwanza nikaambiwa ni tezi la kawaida, bila hata altrasaundi. Nilikataa kuondoka hivyo. Nilikwenda kwingine, wakachoma sindano, wakatoa kinyama kidogo cha kupimwa, na ndicho kilichosema kweli. Nikafanyiwa upasuaji, nikapata kemo na miale. Leo nakuandikia.

Kwa hiyo siku chache baada ya hedhi, ukioga, pitisha vidole vitatu polepole titi lote mpaka kwapani. Simama mbele ya kioo pia. Ukiona ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani ilhali haikuwa hivyo, au inatoa damu, nenda kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Uvimbe mwingi si saratani, ila mkono hauwezi kutofautisha. Ukiambiwa "si kitu", uliza: mmetumia kipimo gani?

*Sista, nina kivimbe nyuma ya chuchu, upande mmoja. Wenzangu wa jua kali wanacheka, wanasema huo ni ugonjwa wa wanawake. — Baba Kevo, Kariobangi*

Wanaume pia hupata, Baba Kevo, ingawa ni chini ya mmoja katika kila wagonjwa 100. Huchelewa kutibiwa kwa sababu ya kicheko hicho hicho. Nenda kesho asubuhi, na umwambie daktari kama mama au dada yako aliwahi kuugua.