Kuhusu koti la marehemu na hofu ya kumsahau

Pole sana, dada yangu wa Moshi. Unauliza kama ni kosa kuliacha koti la marehemu mumeo likining'inia mlangoni, na ufanyeje usije ukamsahau. Si kosa, na shemeji zako wanaotaka nguo zigawanywe upesi wanaweza kusubiri. Tenga daftari uandike vitu vidogo kadiri vinavyokujia: alivyoipuliza kahawa kabla ya kuinywa, alivyowaita watoto angali getini, mgomba aliokukataza kuukata. Jumbe zake za sauti zilizomo kwenye simu uzinakili mahali pengine mapema, kwani simu huharibika (na watoto hufuta bila kujua). Usingizi na hamu ya kula vikipotea kwa majuma kadhaa, muone mshauri nasaha. Ukianza kuwaza kumfuata, nenda hospitali ya KCMC siku hiyohiyo, usiende peke yako.